Klorini haikai kwenye puli? Pima usiku na alfajiri kabla hujaongeza dawa

Mkuu nimesoma maelezo yako yote. Puli ya 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, iko nyumbani Kigamboni, mwezi uliopita ulimwaga maji yote ukasugua ukajaza upya kwa maboza, na sa hivi kila asubuhi unaweka klorini ya unga, jioni ukipima hamna kitu, na kwenye ngazi umeshaanza utelezi wa kijani. Waliokujibu hapo juu wengi wamekwambia ongeza dawa. Mi kazi yangu ni kuhudumia mapuli ya majumbani hapa Dar, na nakuomba sana usiongeze hata kikombe kimoja kabla hujajua klorini yako inaliwa na nani, maana walaji wakubwa ni wawili, jua na uchafu, na tiba ya mmoja haimgusi mwingine.

Kuwajua ni kazi ya usiku mmoja tu. Jua likishazama kabisa, saa moja na nusu hivi, washa pampu, weka klorini, acha maji yazunguke kama saa moja halafu pima na uandike. Usiku huo mtu asiingie. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijapiga maji pima tena, sehemu ile ile, chota kwa kina cha kiwiko na mbali na yale matundu ya ukutani yanayorudisha maji, usichote ya juu juu. Kama imeshuka kidogo, yani haijapungua hata 1 ppm (gramu 1 kwa kila lita 1,000 za maji), maji yako ni masafi na anayekula ni jua. Lakini kama uliiacha kwenye 4 ukaikuta kwenye 1, usiku hakuna jua, kwa hiyo ndani ya maji kuna kitu kinakula, na mara nyingi ni mwani ambao bado huuoni kwa macho.

Kwako wewe mi nahisi wote wawili wapo, ila aliyeanza ni jua. Maji mapya ya boza hayana stabilaiza hata chembe. Stabilaiza, ambayo madukani utakuta wameandika asidi ya sayanuriki, ndo inayoishika klorini isichomwe na miale ya jua. Bila hiyo, jua kali linaweza kuimaliza nusu ya klorini kwa muda usiofika saa moja, sasa wewe unaweka asubuhi saa mbili, ikifika saa saba mchana umebaki na nini? Yale maji ya zamani umesema yalikuwa yanakaa vizuri tu, na ulikuwa unatumia vidonge. Vidonge vile vina stabilaiza ndani yake, kwa hiyo ilikuwa inajijenga taratibu bila wewe kujua, ulipomwaga maji ikaondoka yote, halafu ukahamia kwenye unga ambao hauna.

Hesabu ya kwako iko hivi. 8 mara 4 mara 1.5 ni mita za ujazo 48, yani lita 48,000. 1 ppm ni gramu 1 ya klorini halisi kwa kila lita 1,000, kwa hiyo ukitaka kupandisha kwa 1 unahitaji gramu 48 za klorini halisi, ila unga wa 65% sio wote klorini, kwa hiyo unapima kama gramu 74. Nunua mzani mdogo wa jikoni uutenge kwa kazi hiyo tu, mambo ya kukadiria kwa kopo ndo yanafanya leo maji yachome macho na kesho yawe hayana kitu. Stabilaiza ya kuanzia lenga 30 ppm, kwako ni kama kilo moja na nusu kasoro kidogo. Usiimwage kwenye sakafu ya puli, inayeyuka polepole mno, itie kwenye soksi uifunge uitundike mbele ya tundu linalorudisha maji au uiweke kwenye kikapu cha skima, lile tundu linalovuta maji ya juu kwenda kwenye pampu, uwe unaiminya minya. Inachukua siku kadhaa kuyeyuka yote na kipimo hakiisomi haraka, kwa hiyo wiki hiyo usifanye bakiwoshi, yani kuosha filta kwa kurudisha maji nyuma, ukaimwaga nje, na usiongeze nyingine eti kwa sababu kipimo kinasoma kidogo.

Sasa kuna mdau kasema "tumia vidonge tu, unaweka unasahau". Hapa sikubaliani naye kabisa na ntasema kwa nini. Kidonge cha gramu 200 kwenye puli yako kinatoa kama 3.7 ppm ya klorini, na humo humo kinaacha stabilaiza zaidi kidogo ya 2 ppm. Ukitumia vinne kwa wiki umeongeza kama 9, ndani ya miezi mitatu unavuka 100. Klorini inaisha lakini stabilaiza haiishi, jua haliigusi na maji yakikauka yenyewe inabaki, inapungua hasa pale unapotoa maji na kuweka mengine. Ikizidi inaishika klorini kupita kiasi, unapima unaona 3 safi kabisa na bado maji yanageuka kijani, mwenye nyumba anachanganyikiwa fundi anazidisha dawa. Nakutana na hii sana, hasa nyumba za wapangaji wa muda mfupi ambako hakuna anayekaa na puli mwaka mzima. Mi kawaida yangu ni vidonge mpaka stabilaiza ifike 30 hadi 50, halafu narudi kwenye unga, na vidonge naviacha kwa safari tu mwenye nyumba akisafiri. Unga nao una lake, unaongeza chokaa kwenye maji, na kama unajaza na maji ya kisima ambayo tayari ni magumu, baada ya muda utaona ukungu mweupe kwenye vigae pale usawa wa maji.

Klorini yenyewe ukishakuwa na stabilaiza 30 usiiache ishuke chini ya 2, mi napenda icheze kati ya 2 na 4. Na uweke jioni, sio asubuhi. Ipate usiku mzima kufanya kazi bila jua. Hilo peke yake halikugharimu kitu.

PH, yani kipimo cha uchachu wa maji, usiipuuze, iwe kati ya 7.2 na 7.6. Ikipanda kwenda 8 sehemu kubwa ya klorini inakuwa ipo kwenye kipimo ila nguvu yake imepungua, na unga unapandisha pH kila unapouweka. Ishushe kwa asidi, uiweke kidogo kidogo, pampu ikiwa inazunguka, pima baada ya saa kadhaa ndo uongeze.

Kuhusu kipimo chako, umesema ni kile cha matone kinachotoa rangi ya njano. Kile kinasoma klorini yote kwa pamoja, iliyo hai na iliyokwisha kushikana na jasho na mikojo, ambayo kazi yake ni ndogo sana na ndo inatoa ile harufu kali watu wanadhani ni dawa kuzidi. Tafuta kinachotoa pinki, kina kidonge kidogo au unga wa DPD, dawa ya kupimia tu. Na ukikitumia angalia kwa makini pale unapodondosha, kama pinki inatokea ghafla halafu inapotea maji yanabaki hayana rangi, usiseme hamna klorini, hapo imezidi mpaka imeifuta rangi. Changanya maji yako nusu na maji ya chupa nusu, pima, zidisha mara mbili.

Huo utelezi wa kijani sasa. Sugua kwanza, kuta, ngazi, nyuma ya taa, maana mwani una gamba na klorini haipenyi vizuri kama hujaupasua kwa brashi. Jioni hiyo hiyo ipandishe klorini kwa 10 ppm, kwako ni kama gramu 740 za unga, pampu iendelee usiku kucha, na kama umeme wenu unakatika katika panga siku ambayo una uhakika nao au jenereta ina mafuta, maana dawa ikikaa sehemu moja bila kuzunguka inaweza kuchoma rangi ya puli na upande wa pili hakuna kitu. Geji ya presha ya filta ikipanda kama psi 8 au 10 juu ya ilivyokuwa filta ikiwa safi, fanya bakiwoshi. Rudia kila jioni mpaka kile kipimo cha usiku na alfajiri kionyeshe haishuki zaidi ya 1. Usiangalie rangi ya maji ukasimama, maji yanaweza kung'aa na mwani bado umo. Watoto wasiingie mpaka ishuke chini ya 5.

La mwisho na hili nalisema kwa uzito wote. Unga na vidonge visikutane kamwe, hata kijiko cha kuchotea kiwe tofauti, hata ile floti ya vidonge, kile chombo kinachoelea, usiitie unga, vikichanganyika vinaweza kuwaka au kulipuka. Asidi ya kushushia pH ikae mbali na vyote viwili, ikigusana na klorini inatoa gesi yenye sumu. Kwenye ndoo unatangulia maji ndo unamimina unga, kamwe sio unga kwanza. Kama ni kijana wa bustani anayekuwekea dawa, mwoneshe haya kwa vitendo mkiwa wote wawili hapo stoo, usimwelekeze kwa simu.

Ukipima usiku na alfajiri weka hapa namba zote mbili na pH, ntakupigia hesabu ya gramu.