Anza na Uani, Vyumba Vitafuata

Juzi mdogo wangu mmoja anayesomea usanifu majengo aliniandikia: "Kaka, naomba lile faili lako la kupanga nyumba za ghorofa." Nimemtumia. Ila faili bila kisa chake litampoteza, kama nilivyopotea mimi.

Mradi wangu wa kwanza ulikuwa ghorofa nne, Dar es Salaam, kwa familia zilizotoka kwenye nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele, uani nyuma. Nilitumia Grasshopper, programu ya kuchora majengo kwa kanuni na namba, pamoja na Galapagos, kifaa kilichomo ndani yake cha kutafuta ramani bora. Galapagos huzalisha ramani nyingi, huchuja zilizo bora na kuzichanganya tena, kizazi hadi kizazi, ikikimbiza namba moja tu unayoipa. Mimi niliipa idadi ya vyumba. Kompyuta ikakesha, asubuhi nikapata ramani iliyojaza kiwanja mpaka ukingoni. Mwenye mradi alifurahi sana. Nami nilitembea kifua mbele.

Watu walipokwisha kuhamia, nikapita pale. Majiko ya mkaa yamepangwa koridoni, moshi umetanda hadi juu. Nguo zimeanikwa kwenye vyuma vya ngazi. Watoto wanacheza katikati ya magari. Bibi mmoja akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, sisi jioni tukae wapi?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo swali lile linaniuma.

Tangu siku hiyo naanza na uani. Kwenye programu nachora mstari kutoka kila dirisha la jiko hadi wanapocheza watoto. Mstari ukigonga ukuta, ramani inakatwa alama. Baraza ikipigwa na jua saa kumi alasiri, inakatwa tena. Kusi na kaskazi zisipopata pa kupita, vivyo hivyo. Alama zote najumlisha ziwe namba moja, ndiyo naipa Galapagos. Vyumba nahesabu mwisho.

Mwezi uliopita ramani ya namna hiyo ilikubaliwa, ikiwa na vyumba sita pungufu! Kabla ya kufungua michoro nilimpeleka mwenye mradi Magomeni, tukakaa barazani kwa watu hadi magharibi. Alisaini kesho yake.

Ndugu zangu, tunaotaka kuijenga miji hii tusijifungie na kompyuta. Tutoke, tuwaulize wanaopika na wanaolea.

Na wewe mdogo wangu, kwenye lile faili sehemu ya uani na baraza nimeiacha tupu. Chukua futi kamba, nenda Temeke jioni, omba ruhusa, upime baraza waliyokaa watu. Namba hiyo ndiyo ya kwanza kujaza.