Mkono Umetulia, Roho Je?

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Kaka, tangu mume wangu awekewe nyaya kichwani mkono umetulia tuli, ila hacheki wala hanuni. Nishukuru Mungu ninyamaze?" Usinyamaze, dada. Mimi nilinyamaza.

Nina ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaotetemesha mikono, nami niliwekewe nyaya zilezile za kuuchochea ubongo kwa umeme. Siku ya upasuaji nilikuwa macho. Daktari akaniambia nichore duara la kujizungusha, kama gamba la konokono. La kwanza likawa michirizi ya kuku. Wakawasha umeme, nikachora la pili: mstari laini, hauna hata kwikwi. Nililia. Karatasi nimeitia fremu, na mgeni haondoki bila kuionyeshwa.

Tangu daktari Benabid aanze na thalamasi, sehemu ya katikati ya ubongo, huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, sifa kuu ya tiba hii ni kutuliza mkono. Na unatulia kweli. Lakini nyaya zangu ziko kwenye kiini kilicho chini ya thalamasi, kidogo kama punje ya maharage, ambamo njia za mwendo zinapakana na za hisia. Betri chini ya mtulinga ilipoongezwa nguvu, umeme ukamwagikia kwa jirani. Nikawa mfalme. Usingizi wa saa tatu ukanitosha, nikanunua mashine ya kuchomelea vyuma nisiyojua hata kuishika. Mke wangu akasema, "Huyu si wewe." Nilimjibu maneno ambayo mpaka leo yananichoma.

Walibadilisha ncha inayotoa umeme, nikashuka. Kisha levodopa, vidonge vyangu vya Parkinson, ikapunguzwa haraka mno, nikaangukia upande wa pili. Si huzuni, maana mwenye huzuni hulia. Hamu ilikufa tu. Nadhani shemeji yuko hapo.

Najua mnachotaka, ndicho nilichotaka mimi: kushika kikombe mbele za watu bila kumwaga. Basi nisikilizeni. Msiende kliniki peke yenu! Aende anayelala nanyi nyumba moja, aseme yeye. Ulizeni habari za umeme, ulizeni na za vidonge. Msizime kifaa wenyewe. Mtu akisema maisha hayana maana, ni hospitali siku hiyohiyo. (Sauti yangu imekwaruza na nikigeuka ghafla nayumba, ila hayo nimeyazoea.)

Daftari la hali yangu anaandika mke wangu, mimi siruhusiwi. Jana kaandika: "Kalala vizuri. Kaninunia kidogo, tena kwa haki."