Filta ya kulinda lenzi ukipiga picha za watu: ivishe, ila ujue na wakati wa kuivua

Nilikuwa nazidharau sana filta za kulinda lenzi, vile vioo vya duara vyenye pete unavyozungushia mbele ya lenzi, naona ni pesa ya bure, mpaka siku nimechuchumaa kwenye sherehe nampiga picha mtoto, niko naye uso kwa uso, mara akanyoosha mkono akaikamata lenzi kiganja kizima, na kiganja chenyewe kimejaa mafuta. Kwa pupa nikafuta na ncha ya shati bila hata kupuliza vumbi kwanza. Alama ya mtoto ilitoka, mkwaruzo nilioweka mimi mwenyewe upo hadi leo.

Mlima haukusogelei, watu wanakusogelea. Wanakukumbatia na kamera shingoni, vinywaji vinaruka, mtu anacheka mate yanakufikia. Kwa hiyo siku hizi nikiwa katikati ya watu filta iko kwenye lenzi, na faida kubwa kwangu ni kwamba naifuta mara 10 kwa usiku mmoja bila moyo kudunda.

Ya UV, yaani ya kuchuja ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, sio lazima jamani. Ilikuwa na maana enzi za filamu, maana filamu iliuona mwanga wa UV, kamera za dijitali tayari zina kioo cha kuuchuja mbele ya sensa, ile sehemu inayonasa picha badala ya filamu. Chukua tu ya kioo cheupe kisicho na rangi, ila iwe na koting nzuri, lile tabaka jembamba la kupunguza mwanga unaorudishwa na kioo, hapo usibanie. Saizi imeandikwa kwenye lenzi penye kale kaduara kenye mstari, 58, 67, 77, hizo ni milimita.

Sasa ubaya wake. Kioo kisicho na koting kinarudisha kama asilimia 4 ya mwanga kila upande, pande mbili inakaribia 8, na ukipiga mtu amekaa na mishumaa au taa zinazokutazama moja kwa moja unapata vile vitaa vya mzimu vinaelea, taa iko juu kulia, mzimu wake unatua chini kushoto, na kwa bahati ninayoijua mimi utatua shavuni kwa mwenye sherehe. Niliwahi kurudi na picha za kupuliza mishumaa karibu zote hivyo, kwenye skrini ndogo ya kamera sikuona kitu. Zikizimwa taa zikabaki mishumaa tu, naivua naitia kwenye kiboksi chake, nasimama mbali kidogo, wakimaliza nairudisha.

Na usidanganyike kwamba itaokoa lenzi ikidondoka. Kioo chake ni chembamba, kinapasuka kwa pigo ambalo huenda lenzi ingelivumilia, halafu vipande ndio vinakwaruza. Kwa kugongana na viwiko vya watu nategemea hudi, ile kofia ya plastiki ya mbele, ambayo pia inakata mwanga wa pembeni, na vidole vya watoto vinaigonga yenyewe kwanza.

Jambo la mwisho, usiikaze sana. Ikigoma kutoka, watu huibana kwa nguvu kwa vidole viwili, pete inapinda inazidi kung'ang'ania, wewe izungushie mpira wa kufungia karatasi halafu uzungushe kwa kiganja bila kubana, mara nyingi inatoka.