Yuko kwenye warfarini, mguu wa pili nao umevimba

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana saratani ya mlango wa kizazi. Damu iliganda mguu wa kushoto, akaanzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Juzi mguu wa kulia nao umevimba, una joto na unauma. Majirani wanasema dawa imemkataa, tuiache.
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba. Msiiache, na msisubiri siku ya kliniki. Mpelekeni leo penye ultrasaundi, na mguu usikandwe. Akianza kuhema ghafla, kubanwa kifua au kukohoa damu, huenda bonge limefika mapafuni. Hiyo ni dharura.

Ulizeni kwanza INR yake, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha warfarini inafanya kazi kiasi gani. Inatakiwa iwe 2 hadi 3. Ikiwa 1.4, dawa haijashindwa, haijatosha tu: pengine anatapika baada ya tibakemia (dawa za saratani), karuka dozi, au wiki hii hakula mboga na wiki ijayo anakula majani ya maboga kila siku. Asinyimwe mboga, ale kiasi kilekile. Kinyume chake, metronidazo, ambayo wagonjwa hawa hupewa sana kwa ajili ya uchafu wenye harufu, hupandisha INR mpaka mtu akatokwa damu. Kila anayemwandikia dawa aambiwe kuhusu warfarini.

INR ikiwa sawa na damu bado imeganda, tatizo ni saratani yenyewe: humwaga vitu vinavyogandisha damu, na uvimbe wa nyonga hubana mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni. Hapo warfarini ni dhaifu, na kwa kawaida daktari humhamishia kwenye sindano za enoksaparini, dawa ya jamii ya heparini inayozuia damu kuganda, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12. Mwenye kilo 60 hupata miligramu 60 asubuhi na jioni. Apimwe uzito upya. Ule wa kwenye kadi ya zamani haufai, maana saratani hukondesha. Figo nazo zipimwe, kwa kuwa saratani hii huziba mirija inayoshusha mkojo, dawa ikajaa mwilini. Figo zikichuja chini ya mililita 30 kwa dakika, dozi hiyo hutolewa mara moja kwa siku. Chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia kuigandisha, zikishuka chini ya 50,000, mara nyingi dozi hupunguzwa nusu.

Kuna mtego mmoja husahaulika. Chembe sahani zikiporomoka nusu kati ya siku ya 5 na ya 10 ya sindano, huenda heparini yenyewe ndiyo inayogandisha damu. Sindano husimamishwa na dawa ya aina nyingine kuanzishwa, ila si warfarini siku hizo: inaweza kuozesha vidole. Kwa hiyo dai kipimo cha damu siku hizo.

SWALI: Hatuna friji. Sindano za enoksaparini tutaziweka wapi?
Msomaji, Makete

JIBU: Hazihitaji friji, zinataka chini ya nyuzi 25 tu. Kwenu cha kuogopa ni baridi ya Juni na Julai: zisigande, ziwekeni ndani, mbali na dirisha. Choma tumboni, sentimita 5 kutoka kitovuni, ukiwa umeshika mkunjo wa ngozi, sindano ikiwa wima. Kama dozi ni sindano nzima, kiputo cha hewa usikitoe. Achia mkunjo ukishachomoa, usisugue, na sindano inayofuata badili upande.