Shule Ikifungwa, Nafasi za Walimu Huenda Wapi? Ushauri kwa Wawakilishi Wapya wa Chama

Kila baada ya uchaguzi wa matawi, walimu wapya hukabidhiwa uwakilishi wa chama katika shule zao hapa Nairobi, na wengi huja wakiamini kwamba kazi yao kubwa itakuwa migomo na nyongeza ya mishahara. Mambo hayo yapo, lakini huendeshwa na viongozi wa kitaifa, na mwakilishi wa shule hupata taarifa zake kupitia redio kama mwananchi mwingine yeyote. Jambo litakaloangukia mikononi mwako moja kwa moja, bila katibu mkuu kuwa karibu, ni tetesi kwamba shule yako itafungwa, itaunganishwa na nyingine au itauzwa. Ushauri huu unahusu siku hiyo, na hasa miezi inayoitangulia.

Nianze na msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Chama hakiwezi kuizuia kila shule kufungwa, na mwakilishi anayeahidi hivyo katika mkutano wa kwanza atakosa la kusema katika mkutano wa tatu. Wanafunzi wakipungua, au jengo likitangazwa kuwa hatari, kupigania kuta ni kupoteza muda ambao ungetumika kupigania nafasi za kazi. Watoto hawatoweki shule inapofungwa. Wanapelekwa mahali fulani, na huko lazima awepo mtu wa kuwafundisha. Swali la kwanza la mwakilishi, basi, ni hili: watoto wanakwenda wapi, wangapi, lini, na nani atakayesimama mbele yao?

Kabla hujaliuliza, fahamu ni nani anayemwajiri kila mtu aliye katika majilisi yenu. Walimu watano wanaweza kuketi kwenye meza moja, wakanywa chai ya birika moja, na bado wawe chini ya waajiri watatu. Aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC, ni mtumishi wa Tume wala si wa shule. Shule ikifungwa, yeye huhamishwa, na chama chake, kiwe KNUT au KUPPET, hujadili masharti ya uhamisho huo. Aliyeajiriwa na bodi ya shule hana Tume nyuma yake, kwa hivyo bodi ikivunjwa hubaki akiuliza nani atamlipa mshahara wa mwezi wa mwisho. Mwanagenzi ana mkataba wenye kikomo. Wapishi, walinzi na matroni wana chama chao, KUDHEIHA, ambacho mara nyingi walimu husahau kukiarifu ingawa wote wanafukuzwa kwa tangazo lile lile. Na ukiwa katika shule ya kibinafsi, mwajiri ni mwenye shule au kampuni yake, na kinga yako hutoka katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 pamoja na mkataba wowote ambao chama kimewahi kutia saini.

Tofauti hizi zilionekana wazi mwaka 2020. Serikali ilipofunga shule zote mwezi Machi kwa sababu ya korona, walimu wa TSC waliendelea kulipwa, ilhali wengi wa shule za kibinafsi walipelekwa nyumbani bila mshahara hadi shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, na baadhi ya shule hizo hazikufunguliwa tena. Katika shule moja ya Eastlands ambayo sitaitaja, walimu walipewa barua ya mistari minne iliyosema kwamba wako katika “likizo bila malipo hadi hali itakapotengemaa”, na chini yake palikuwa na nafasi ya saini karibu na neno “nimekubali”. Walimu wengi walitia saini kwa heshima tu, kwa sababu mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyekuwa akizigawa. Miezi kadhaa baadaye walipodai malipo yao, saini hizo ndizo zilizowekwa mezani. Ukiletewa barua ya namna hiyo, mwelekeze kila mwanachama aandike “nimepokea” na tarehe, asiongeze neno jingine, kisha aipige picha kabla ya kuirudisha. Likizo bila malipo haiamuliwi na mwajiri peke yake, na maneno “kwa muda” hayaondoi wajibu wake.

Sasa tuje kwenye kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira, ambacho ningependa ukijue kama unavyoijua ratiba yako ya vipindi. Mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi kwa sababu nafasi zao hazipo tena ni lazima akiarifu chama pamoja na afisa wa leba wa eneo hilo, angalau mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na kiwango cha upunguzaji huo. Asiye mwanachama huarifiwa yeye binafsi kwa maandishi, na afisa wa leba vilevile. Wanaopunguzwa huchaguliwa kwa kuzingatia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja, wala si kwa kuangalia nani aliuliza maswali mengi kwenye mkutano. Likizo isiyochukuliwa hulipwa kwa fedha taslimu. Mfanyakazi hupewa notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake, na juu ya hayo hupata malipo ya kupunguzwa kazi yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha. Zingatia kwamba notisi kwa chama na notisi kwa mfanyakazi ni mambo mawili tofauti. Waajiri hupenda kuyafunga katika barua moja, na mwakilishi asiyesoma kwa makini huipokea akishukuru kwamba angalau wameandikiwa. Mwezi ule wa kwanza ndio nafasi ya mashauriano, na ni ndani yake ambapo kazi huokolewa.

Hesabu yenyewe ifanye mapema, mwanachama kwa mwanachama. Chukua mwalimu anayelipwa shilingi 24,000 kwa mwezi, ambaye amefanya kazi miaka 7 na miezi 10. Miaka iliyokamilika ni 7, kwa hivyo ana siku 105. Mwajiri akigawanya mshahara kwa siku 30, siku moja ni shilingi 800 na malipo ni shilingi 84,000. Chama kikigawanya kwa siku 26, kwa hoja kwamba sheria inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, malipo yanakaribia shilingi 96,900. Tofauti hiyo inazidi nusu ya mshahara wa mwezi, nayo imetokana na kigawanyo peke yake. Ona pia ile miezi 10 iliyoachwa nje: ikiwa tarehe ya kufunga inaweza kusogezwa hadi mwisho wa muhula, huenda mwalimu huyo akakamilisha mwaka wa 8. Mara nyingi mwenye shule hukubali kusogeza tarehe kuliko kuongeza fedha, kwa kuwa wazazi wa wanafunzi wake pia wanataka muhula uishe vizuri.

Hayo yote hayawezekani pasipo orodha, na hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi zaidi kama mwakilishi mpya. Andika jina la kila mwanachama, tarehe aliyoanza kazi, masomo anayofundisha, namba yake ya usajili ya TSC, mshahara wake, na siku za likizo anazodai. Kwa tarehe ya kuanza usitegemee kumbukumbu. Dai barua ya ajira, na kama haipo, hati ya kwanza ya mshahara au taarifa ya michango ya NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Taarifa hiyo ya NSSF ina manufaa mengine, kwani inaonyesha kama fedha zinazokatwa kila mwezi zinawasilishwa kweli, na shule inayokaribia kufungwa kwa kawaida huanza kuchelewesha michango miezi mingi kabla ya kutangaza lolote. Orodha iwe na nakala ofisini kwa tawi, si katika droo yako ya shuleni, kwa sababu siku milango itakapofungwa kwa kufuli hutaruhusiwa kuingia kuchukua chochote.

Kuna shule ambazo hufungwa bila notisi yoyote, na mji wetu unazijua. Julai 2018 barabara ilipopitishwa katikati ya Kibera kuelekea Lang’ata, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa na shule kadhaa zikaenda nazo. Septemba 2019 madarasa ya shule moja ya Ngando, huko Dagoretti, yaliporomoka na kuua watoto wanane, na baada ya msiba huo shule nyingine zilizoonekana kuwa hatari zilifungwa. Katika hali kama hizo usithubutu kusimama mbele ya wazazi ukitetea jengo. Simama upande wa usalama wa watoto, hadharani, halafu siku hiyo hiyo uwaandikie barua mwenye shule na afisa wa elimu wa kaunti ndogo ukiuliza watoto wamegawanywa katika shule zipi, na ukiambatisha orodha ya walimu wenye usajili ambao wako tayari kuwafuata. Shule jirani inayopokea watoto 60 kwa ghafla inahitaji walimu, na mwalimu mkuu wake atafurahi kumpata anayewajua watoto hao kwa majina. Barua inayofika baada ya majuma matatu hukuta nafasi zimejazwa.

Wazo hili la mwalimu kuwafuata wanafunzi halikubuniwa na sisi. Chama cha walimu wa Chicago, nchini Marekani, kiligoma Septemba 2012 na kurudi kazini na mkataba uliowapa baadhi ya walimu wenye ajira ya kudumu na tathmini nzuri njia ya kuwafuata wanafunzi wao pale shule inapofungwa na nafasi kuwapo katika shule inayowapokea. Mei mwaka uliofuata, bodi ya elimu ya mji huo ilipiga kura kufunga shule zinazokaribia 50 kwa mkupuo. Chama hakikuzuia ufungaji huo, na wengi walipoteza kazi, lakini kipengele hicho kilikuwa tayari kimeandikwa kabla ya orodha ya shule kutangazwa. Linganisha na New Orleans, katika nchi hiyo hiyo, ambako baada ya kimbunga cha mwaka 2005 maelfu ya wafanyakazi wa shule waliachishwa kazi, shule nyingi zikahamishiwa kwa waendeshaji wengine, na mkataba wa chama ulipofikia kikomo mwaka 2006 haukufanywa upya. Ninayataja haya kwa sababu moja mahususi: mnapojadili mkataba wa pamoja katika shule yenu ya kibinafsi, wakati kila mtu anatazama kipengele cha mshahara, wewe dai kipengele cha kufungwa, kuunganishwa na kuuzwa kwa shule. Mwajiri ambaye hana mpango wa kufunga hukikubali bila ubishi mwingi. Aliye nao atakipinga, na upinzani wake utakuwa umekuarifu jambo.

Kuuzwa kunastahili tahadhari ya pekee. Sheria zetu hazina utaratibu unaohamisha mikataba ya kazi moja kwa moja kutoka kwa mwenye shule wa zamani hadi kwa mnunuzi. Walimu huambiwa wasiwe na wasiwasi, kwamba ni jina tu linalobadilika kwenye lango, kisha baada ya mwezi wanapewa mikataba mipya ambamo miaka yao yote ya utumishi imefutika. Dai mojawapo kati ya mambo mawili kabla ya makabidhiano: ama mwenye shule wa zamani awalipe haki zao zote hadi siku ya mwisho, ama pande zote tatu zitie saini kwamba mnunuzi anaichukua miaka hiyo pamoja na madeni yake. Ahadi ya mdomo kutoka kwa wote wawili haina thamani yoyote, hata ikitolewa mbele ya mchungaji.

Nguvu ya kudai haya hutokana na idadi. Mwajiri hulazimika kukitambua chama kinapokuwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama, na makato ya ada huanza ndani ya siku 30 baada ya mwajiri kukabidhiwa Fomu S, yaani fomu za wanachama kukubali kukatwa ada, zikiwa zimetiwa saini. Zijaze sasa, wakati kuna utulivu. Mwalimu anayekuja kutafuta fomu juma ambalo barua za kufukuzwa zimetoka asirudishwe, ila aambiwe ukweli kuhusu kinachowezekana. Na msidhani kwamba ukubwa wa chama hudumu wenyewe: KNUT, kilichoundwa mwaka 1957 na kuheshimiwa kwa miongo mingi, kilipogombana na Tume kuanzia mwaka 2019 kilipoteza wanachama na makato kwa kasi kubwa, hadi kikalemewa na mishahara ya wafanyakazi wake chenyewe.

Baada ya kufungwa, kazi yako haijaisha. Hakikisha kila mwanachama amepewa hati ya utumishi, ambayo ni haki yake hata kama ameachana na mwajiri kwa ugomvi. Fuatilia kama malipo yameingia benki, kwani hundi za shule zinazofungwa zina tabia ya kurudi. Anayeamini kwamba alichaguliwa kupunguzwa kwa hila ana miaka mitatu ya kwenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na mahakama inaweza kumpa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Hata hivyo, mashahidi hutawanyika upesi, mmoja akaenda Kitengela na mwingine akarudi kijijini, kwa hivyo chukua namba zao za simu na maelezo yao yaliyoandikwa kabla ya muhula mpya kuanza, uyapeleke ofisini kwa tawi pamoja na ile orodha.