Bodi ya PCM5102A: anza na umeme, kapasita za bei mbaya zisubiri

Ile bodi ndogo ya zambarau yenye chipu ya PCM5102A na tundu la jeki ya milimita 3.5 ndiyo DAC (kigeuzi cha data ya muziki kuwa sauti ya umeme) ya kwanza kwa wengi wanaojiundia chombo cha kuchezea muziki kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi au ESP32. Chipu yenyewe, ya Texas Instruments, si ya kubezwa. Inapokea I2S, njia ya kupeleka data ya sauti kati ya chipu, hadi biti 32 na kilohezi 384, inatoa volti 2.1 RMS, na karatasi yake ya data inataja desibeli 112 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele yake yenyewe. Bodi ikisikika chafu, kwa kawaida chipu haina kosa. Kosa liko kwenye umeme inaolishwa, waya zinazoifikia na graundi iliyofungwa ovyo. Anayeanza kwa kung'oa kapasita na kuweka za jina kubwa ametibu jino zima akaliacha bovu.

Kabla ya kununua chochote, igeuze bodi. Nyuma kuna makundi manne ya pedi tatu tatu, kila kundi na namba yake, H upande mmoja na L upande wa pili. Tone dogo la risasi ya kulehemu linaunganisha pedi ya katikati na mojawapo ya hizo mbili. Namba 1 ni FLT (aina ya kichujio), namba 2 ni DEMP (kupunguza sauti za juu), namba 3 ni XSMT (kunyamazisha), namba 4 ni FMT (mpangilio wa data). Mpangilio unaotakiwa ni L, L, H, L. Bodi nyingine hufika bila matone hayo, au tone limekaa juu ya pedi bila kushika, linang'aa vizuri kwa macho lakini mita inasema hakuna muunganiko. XSMT ikiwa L, chipu iko bubu na hutasikia kitu. FMT ikiwa H, inasubiri data ya mpangilio tofauti na I2S, na muziki unatoka umekwaruzika vibaya. DEMP ikiwa H, sauti nyembamba za juu zinafifia na muziki unakuwa kama umefunikwa blanketi. Wengi hulaumu spika.

Upande wa mbele, karibu na mguu wa SCK, kuna pedi mbili nyingine. SCK ni njia ya saa kuu, yaani mipigo inayoongoza kazi ya chipu. Usipoileta kutoka nje, ziunganishe ili SCK iende graundi. Hapo chipu inajitengenezea saa yake kutoka kwenye BCK, mipigo inayohesabu biti za data. SCK ikiachwa inaning'inia, hudaka kelele, na ndiyo sababu ya kawaida ya milio ya "chrr" inayokuja na kupotea kila ukisogeza mkono.

Kisha pima. Ukishikilia chipu ili nukta iwe juu kushoto, hesabu mguu wa 1 hapo, shuka hadi 10, vuka hadi 11, panda hadi 20. Kwenye miguu ya 1, 8 na 20 utegemee volti 3.3. Mguu wa 18 utoe 1.8. Mguu wa 5, unaoitwa VNEG, uwe karibu na hasi 3.3, kwa kuwa ndani kuna pampu inayotengeneza umeme hasi ili sauti itoke ikizunguka sifuri. Usiguse miguu yenyewe kwa ncha ya mita, maana ni rahisi kuteleza na kuunganisha miwili. Gusa ncha ya kapasita iliyo jirani. VNEG ikiwa sifuri au inayumba, angalia kapasita mbili za maikrofaradi 2.2: moja kati ya miguu ya 2 na 4, nyingine kati ya mguu wa 5 na graundi.

Upande wa sauti, tumia programu ya bure ya REW, inayochora sauti na kelele, na kadi yoyote nzuri ya sauti. Volti 2.1 ni nyingi kwa tundu la maikrofoni, kwa hiyo pitisha kwenye rezista ya kiloomu 10 ikifuatiwa na kiloomu 1 kwenda graundi, usome kwenye hiyo ya pili. Piga toni ya hezi 1000, moja kwa desibeli 0 na nyingine kwa hasi 60, uhifadhi picha zote mbili. Usipime kelele kwa faili la ukimya mtupu: chipu ikiona sifuri mfululizo hujizima upande wa analogi, na utapata picha safi isiyo ya kweli. Ile toni ya hasi 60 ndiyo inayosema ukweli. Vinundu vya hezi 50, 100 na 150 ni mvumo wa umeme wa ukutani. Msitu wa vinundu visivyo na mpangilio ni kelele za kompyuta. Kila hatua inayofuata ipimwe hivyo hivyo. Isipobadilisha picha, irudishe ilivyokuwa.

Sasa umeme. Ukichukua volti 5 kutoka kwenye Raspberry Pi, DAC inagawana waya na prosesa ambayo inanyonya kidogo, ghafla nyingi, tena kidogo, mara nyingi kwa sekunde. Wi-Fi nayo inaongeza mipigo yake. Rejuleta ndogo za kwenye bodi, vipande vinavyoshikilia volti isibadilike, zinazuia sehemu tu ya takataka hiyo. Kuipa DAC umeme wake yenyewe ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko nyingine zote, na gharama yake ni ndogo.

Transfoma ya volti 9 na VA 6 inatosha kabisa, maana bodi haifiki miliampea 50. Hata iliyong'olewa kwenye redio mbovu inafaa ikiwa bado salama. Kwenye nyaya za volti 230 weka fyuzi ya miliampea 100 ya aina inayochelewa, na kila kiungo kivalishwe mpira unaonywea kwa joto. Baada ya transfoma, daraja la dayodi nne za 1N4007, kisha kapasita ya maikrofaradi 2200. Chagua ya volti 25, si 16: transfoma ndogo isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilivyoandikwa, na umeme wa ukutani nao hupanda. Kwa miliampea 50, mawimbi yanayobaki juu ya kapasita hiyo ni kama volti 0.23, na rejuleta inayameza bila shida.

Rejuleta ni LM317. Weka rezista ya omu 120 kati ya mguu wa kutoa na wa ADJ (wa kupangia volti), na ya omu 360 kutoka ADJ kwenda graundi. Hesabu inatoa volti 5.02. Wengi hutumia 240 kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye michoro, lakini kwa mzigo mdogo kama huu ni afadhali 120, inayohakikisha LM317 inapitisha miliampea 10 inazohitaji ili itulie. Kapasita ya maikrofaradi 10 kutoka ADJ kwenda graundi inapunguza mvumo zaidi. Nyingine ya 10 ikae kwenye kutoa, na ya nanofaradi 100 kwenye kuingia, karibu kabisa na mguu. Angalia miguu vizuri. Maandishi yakikutazama, kushoto ni ADJ, katikati kutoa, kulia kuingia, na bati la mgongoni limeungana na kutoa. Aliyezoea 7805 hufunga bati hilo moja kwa moja kwenye boksi la chuma, na volti 5 zote zinaishia graundi. Joto lisikutishe: wati 0.3 hivi, haihitaji bati la kupoza.

Pima volti 5 kabla ya kuunganisha DAC. Kisha kata kabisa waya wa volti 5 uliotoka kwenye Pi, ubakize graundi. Graundi za pande zote mbili lazima zikutane, la sivyo data haina pa kurudia.

Hapa kuna mtego. Pi ikiwa imewaka na DAC haina umeme, mipigo ya I2S inaingia kwenye chipu kupitia dayodi zake za kinga na kujaribu kuiwasha kwa mlango wa nyuma. Miguu hiyo haifai kupata volti kubwa kuliko umeme wa chipu. Washa DAC kwanza au vyote pamoja kwa swichi moja, na weka rezista ya omu 47 kwenye kila waya wa data, upande wa Pi. Rezista hizo zina kazi ya pili: zinalainisha kingo za mipigo ili isirudi kama mwangwi kwenye waya.

Waya zenyewe zisizidi sentimita 10. Kwenye Pi, BCK iko mguu wa 12, LCK (inayotenganisha kushoto na kulia) mguu wa 35, DIN (data yenyewe) mguu wa 40. Sokota waya wa BCK na graundi ya mguu wa 14, na wa DIN na graundi ya mguu wa 39. Zile waya za kuchomeka za rangi rangi, za sentimita 20, ni nzuri kwa majaribio ya mezani tu. Kwa kazi ya kudumu, lehemu. Kwenye faili la config.txt weka `dtoverlay=hifiberry-dac` na uzime sauti ya ndani ya Pi. Chipu hii haina kidhibiti cha sauti ndani yake, kwa hiyo acha kiwango cha programu juu kabisa, upunguzie kwenye amplifaya.

Hadi hapa, kwa wasikilizaji wengi kazi imekwisha, na ni busara kusimama ukae na muziki wiki moja. Anayetaka kuendelea, hatua inayofuata ni kubadilisha rejuleta ya bodi yenyewe. Tafuta kwa mita ni ipi inayolisha mguu wa 8, kwa sababu kuna bodi zenye rejuleta mbili na nyingine zenye moja. Ing'oe, na ulete volti 3.3 kutoka kwenye moduli ya LT3045, rejuleta yenye kelele ndogo sana. Rezista yake ya SET, inayopanga volti, iwe kiloomu 33, maana inapitisha maikroampea 100. Kelele ya LT3045 ni maikrovolti 0.8 RMS, ya LM317 kwenye volti 5 ni kama 150. Pima 3.3 hiyo kabla ya kuiunganisha. Usiongeze kapasita kubwa baada ya rejuleta ndogo ya bodi; maikrofaradi 100 ndiyo mwisho. Ya 1000 ikibaki imejaa wakati umeme umezimwa, inaisukumia rejuleta umeme kinyumenyume.

Saa ni suala gumu zaidi. Pi za hadi toleo la 3 zina kristali moja ya megahezi 19.2, na BCK ya muziki wa kilohezi 44.1 ni megahezi 2.8224, namba isiyogawanyika sawasawa kutoka kwenye ile ya kwanza. Hivyo Pi hubahatisha wastani, mpigo mmoja mrefu, mwingine mfupi. PCM5102A haiwezi kuiongoza Pi. Anayetaka DAC iwe bwana wa saa atafute bodi ya PCM5122 yenye kristali mbili, 22.5792 na 24.576. Njia nyingine ni kiunganishi cha USB kwenda I2S chenye kristali hizo hizo, kinacholeta saa kuu kwenye SCK. Ukifanya hivyo, ondoa kwanza lile daraja la risasi la SCK, la sivyo saa yote inazama graundi.

Njia ya kutokea haihitaji mengi. Rezista za omu 470 na kapasita za nanofaradi 2.2 huondoa mawimbi yaliyo juu ya kilohezi 154 hivi. Kapasita hizo mbili ndizo pekee zilizo kwenye njia ya sauti zinazostahili kubadilishwa, ziwe za kauri aina ya C0G. Zile za kauri aina ya X7R hubadilisha thamani kadiri volti inavyopanda na kushuka, na mabadiliko hayo ni mkwaruzo. Kwenye pampu ya umeme hasi, kinyume chake, X7R ndiyo inayofaa. Usiweke ya elektroliti hapo. Wala usiongeze kapasita ya kuzuia DC kwenye matundu ya RCA. Sauti inatoka ikizunguka sifuri, na mita itakuonyesha milivolti chache tu. Usichomeke hedifoni pia, haikuundwa kwa mzigo huo.

Vipande hivi vina urefu wa milimita 1.6, kwa hiyo tumia pasi yenye ncha bapa kwa nyuzi 330 hivi, risasi ya 63/37 ya milimita 0.5, na fluksi ya kutosha. Kung'oa kapasita, ongeza risasi mpya pande zote mbili, iyeyushe yote kwa pamoja, uisukume pembeni. Ukiivuta kwa kibano kabla upande wa pili haujayeyuka, pedi inang'oka na bodi.

Boksi likiwa la chuma, liungane na waya wa ethi wa ukutani moja kwa moja. Graundi ya sauti iungane na boksi sehemu moja tu, kupitia rezista ya omu 10 na kapasita ya nanofaradi 100 sambamba nayo, na matundu ya RCA yatengwe na bati kwa washa za plastiki. Weka transfoma kona ya mbali na DAC, lakini usiifunge bado. Ifunike kabisa, washa, piga ile toni ya hasi 60, kisha zima na uizungushe nyuzi chache, washa tena, huku ukitazama kinundu cha hezi 50 kwenye REW. Kuna pembe ambayo kinashuka ghafla. Hapo ndipo pa kutoboa matundu ya skrubu.