Nimezuia kaspesi, mbona seli zimekufa haraka zaidi?

Swali: Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu kifo cha seli kilichopangwa. Niliziwekea seli za panya za L929 TNF (protini ya kinga inayoweza kuamuru seli ife) ya nanogramu 10 kwa mililita, pamoja na z-VAD-fmk, dawa inayozuia kaspesi, ya 20 µM, nikitarajia zinusurike kwa kuwa kaspesi, vimeng'enya vinavyoendesha kifo hicho, zimezuiwa. Baada ya saa chache zilikuwa zimevimba na kupasuka, nyingi kuliko zile zilizopata TNF peke yake. Je, dawa imeharibika au nilikosea kipimo?

Jibu: Dawa yako ni nzima na kipimo kinafaa. Seli zimekufa kwa sababu kaspesi zimezuiwa kweli.

TNF inaponata kwenye kipokezi chake, kaspesi-8 huwa na kazi mbili. Ya kwanza ndiyo inayofundishwa darasani: kuikata kaspesi-3 ili apoptosisi, yaani seli kujiua kwa utaratibu bila kupasuka, ianze. Ya pili husahaulika, nayo ni kuzikata RIPK1 na RIPK3, protini zinazoweza kuanzisha kifo cha aina nyingine. Ukiifunga kaspesi-8, protini hizo mbili hubaki nzima, hushikana, kisha RIPK3 huipachika fosfeti protini nyingine iitwayo MLKL. MLKL huhamia kwenye utando wa seli na kuutoboa. Maji huingia, seli huvimba na kumwaga kilichomo. Hiyo ni nekroptosisi, na L929 ni miongoni mwa seli zilizoidhihirisha mapema: mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba kuzuia kaspesi huzifanya ziumizwe zaidi na TNF. Hata TNF peke yake huziua zaidi kwa njia hii kuliko kwa apoptosisi. Tena hutengeneza TNF yao wenyewe, hivyo z-VAD peke yake inaweza kuziua ukiziacha siku nzima. Kama hukuwa na kisima (kishimo cha sahani ya kukuzia seli) cha z-VAD bila TNF, matokeo yako hayasomeki.

Mwilini jambo hili si dogo. Kijusi cha panya kisicho na kaspesi-8 hufa karibu na siku ya 10 au ya 11 ya mimba, lakini mwaka 2011 ilithibitishwa kwamba ukiondoa na RIPK3, kijusi hicho huzaliwa na kukua. Virusi vya ndui ya ng'ombe hubeba protini ya CrmA inayoifunga kaspesi-8, ili seli waliyoivamia isijiue mapema. Nekroptosisi ni mlango wa pili ambao mwili umeuacha kwa ajili ya wavamizi wa namna hiyo.

Rudia jaribio hivi. Andaa visima sita: (1) seli tupu; (2) DMSO, kiyeyushi cha dawa, peke yake; (3) TNF; (4) z-VAD; (5) TNF na z-VAD; (6) TNF, z-VAD na nekrostatini-1s, kizuizi cha RIPK1, ya 10 hadi 20 µM. Chagua 1s, si nekrostatini-1 ya zamani, kwa sababu hiyo ya zamani huzuia pia IDO, kimeng'enya kisichohusika hapa. Vizuizi vitangulie dakika 30 hadi 60, ndipo TNF ifuate. Seli za kisima cha sita zikinusurika, umepata jibu: ni nekroptosisi. Kulithibitisha, tafuta kwa kingamwili MLKL yenye fosfeti kwenye serini ya 345. Usinunue nekrosulfonamidi, kizuizi cha MLKL, kwa kazi hii: hunata kwenye sisteini ya 86 ya MLKL ya binadamu, na panya hana sisteini hiyo mahali hapo.

Kipimo cha MTT, kinachoonyesha tu seli ngapi bado hai, hakitakuambia seli imekufa kwa njia gani. Aneksini V, protini inayotumiwa kutambua apoptosisi, nayo hudanganya, kwani utando ukishatoboka huingia ndani na kunata. Pima LDH, kimeng'enya cha ndani ya seli, iliyomwagika kwenye majimaji ya kukuzia seli, na sambamba nayo uamilifu wa kaspesi-3.

Kuhusu dawa yenyewe: z-VAD huiga mahali ambapo kaspesi hukata, yaani baada ya aspateti, kisha hujifunga moja kwa moja kwenye sisteini ya kimeng'enya isitoke tena. Inayouzwa kwa ajili ya seli ina kikundi cha methili kinachoisaidia kupenya. Vimeng'enya vya ndani ya seli hukiondoa. Kwa hiyo usiitumie kwenye kaspesi iliyosafishwa ndani ya neli ukitarajia nguvu ileile. Miligramu 1 iyeyushe katika mikrolita 107 za DMSO upate 20 mM. Mikrolita 1 kwa mililita ya seli inatoa 20 µM, na DMSO inabaki asilimia 0.1. Igawe katika vichupa vidogo, uhifadhi kwenye nyuzi −20, usigandishe na kuyeyusha mara kwa mara. Ukipandisha hadi 50 au 100 µM utaanza kuzuia pia kathepsini na kalpeini, vimeng'enya vingine vinavyokata protini. Q-VD-OPh, kizuizi kingine cha kaspesi, ya 10 µM ina usumbufu mdogo zaidi.

Kama lengo lako ni kuona kizuizi kikiokoa seli dhidi ya apoptosisi, L929 si seli za kazi hiyo. Tumia HeLa, seli za binadamu ambazo kwa kawaida hazina RIPK3, uzipe TNF pamoja na saikloheksimidi, dawa inayozuia utengenezaji wa protini, ya mikrogramu 10 kwa mililita. Hapo z-VAD italinda. Ila ukichochea kifo kupitia mitokondria, kwa mfano kwa staurosporini, tegemea ulinzi wa muda tu: z-VAD haizuii protini za BAX na BAK kutoboa mitokondria, na seli iliyopoteza mitokondria zake hufa polepole hata kaspesi zikiwa zimefungwa. Kujua kama zimeokoka kweli, zioshe, zipande upya kwa idadi ndogo, kisha hesabu makundi yaliyoota baada ya siku 7 hadi 10.